Jinsi ya Kuwaonyesha Watoto kwa Nini Zuhura Hujizungusha Kinyume cha Dunia

Watoto wakifundishwa mfumo wa Jua hufika mahali wakauliza kwa nini Zuhura hujizungusha kinyume, na mara nyingi hujibiwa kwa sentensi moja tu, kwamba iligongwa. Jibu hilo nimewahi kulitoa mimi mwenyewe kama jambo lililothibitishwa, na sijalirudia tena kwa namna hiyo, kwa sababu linamfanya mtoto aondoke na kisa cha kugongwa bila kuelewa neno lenyewe la “kinyume” lina maana gani. Mwongozo huu unaeleza namna ninavyolifundisha jambo hili hapa Mwanza, kwa vitu vinavyopatikana katika nyumba yoyote ya Kirumba au Igoma: chupa ya maji yenye kifuniko cha kuzungusha, chungwa, kijiti cha mshikaki, pini, taa ya sola, beseni pana, mwiko, konzi moja ya pumba za mpunga, kijiti cha kiberiti, na pia moja ya mti, ile ya kuchezea inayozungushwa chini. Tenga saa moja na nusu, na ikiwezekana anza alasiri ili mmalizie nje wakati giza linaingia.

Kabla ya yote, kubalianeni majina. Vitabu vyetu vya shule havikupatana kuhusu sayari za mbali, kiasi kwamba jina Zohali katika kitabu kimoja ni sayari yenye pete na katika kingine ni Uranus. Mimi hutumia Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali kwa ile yenye pete, kisha Uranus na Neptun.

Chupa: kinyume ni nini hasa

Simamisha chupa mezani, mwambie mtoto aitazame kutoka juu na afungue kifuniko polepole. Mkono wake utazunguka kinyume cha mishale ya saa. Huo ndio mwelekeo wa Dunia kwa mtu anayeitazama akiwa juu ya ncha ya kaskazini, na ndio mwelekeo ambao sayari zote 8, bila kubaki hata moja, hulizunguka Jua. Jua lenyewe nalo hujizungusha vivyo hivyo, likimaliza mzunguko mmoja kwa siku 25 hivi kwenye ikweta yake. Kisha mwambie afunge kifuniko: huo ndio mwelekeo wa Zuhura. Watoto huyashika upesi maneno haya mawili, kwamba Dunia inafungua na Zuhura inafunga, nami huyatumia hadi mwisho wa somo kwa kuwa wengi wao wamezoea kusoma saa kwenye simu na habari za mishale haziwaingii.

Sisitiza hapa kwamba mizunguko ni miwili na isichanganywe. Sayari hulizunguka Jua, na wakati huohuo hujizungusha yenyewe kwenye mhimili wake, yaani mstari unaopita katikati yake kutoka ncha hadi ncha. Zuhura haiendi kinyume katika safari ya kulizunguka Jua. Kinyume chake kipo katika kujizungusha peke yake.

Sasa kaza kifuniko vizuri, pindua chupa kichwa chini, na mtoto mmoja aitazame kutoka juu, upande wa kitako, huku mwenzake akikifungua kifuniko kwa chini juu ya beseni. Maji yatamwagika, kwa maana kifuniko kimefunguliwa kweli, lakini mtoto aliye juu atakuwa ameuona mkono wa mwenzake ukienda upande wa kufunga. Hapa usiharakishe. Warudie wote kwa zamu, kila mmoja aone kwa macho yake kwamba mzunguko ni uleule na kilichobadilika ni chupa kupinduliwa.

Mwaka mmoja, msichana wa darasa la sita aliishika chupa hiyo akaitazama kwa muda, kisha akauliza: “Mwalimu, sasa Zuhura inafunga, au inafungua ila imesimama kichwa chini?” Sijawahi kuulizwa swali bora zaidi katika somo hili. Wataalamu wa anga huandika kwamba mhimili wa Zuhura umeinama kwa nyuzi 177, yaani karibu kabisa na nyuzi 180 za kupinduka, na huandika pia kwamba sayari hiyo hujizungusha kinyume kwa mhimili uliosimama karibu wima. Kauli hizo mbili zinaeleza mzunguko mmoja. Ukiitazama Zuhura ilivyo leo huwezi kuzitenganisha, kama vile usivyoweza kutambua kwa kuutazama mkono peke yake iwapo chupa inafungwa au inafunguliwa kichwa chini. Zinatofautiana katika historia tu: ya kwanza inadai kwamba sayari ilipinduka, na ya pili inadai kwamba ilisimama ikaanza kurudi. Msiliache swali hili, kwa sababu mtalirudia mtakapofika kwenye sababu.

Chungwa na taa: siku ya Zuhura

Pitisha kijiti cha mshikaki katikati ya chungwa, kutoka kwenye kikonyo hadi chini, kisha chomeka pini chini kidogo ya mstari wa katikati. Pini hiyo ni Mwanza, mji ulio nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta. Weka taa juu ya stuli katikati ya chumba, funga madirisha, na mtoto ashike chungwa kikonyo kikiwa juu. Azungushe kijiti kwa vidole upande wa kufungua. Pini itatoka gizani na kuingia kwenye mwanga, na mtoto akijiweka mahali pa pini ataona kwamba taa inachomoza mashariki. Azungushe upande wa kufunga, na taa itachomoza magharibi. Kwa hiyo, kwa mtu ambaye angesimama Zuhura na kuona kupita mawingu yake mazito, Jua lingechomoza magharibi na kuzama mashariki.

Sehemu inayofuata ndiyo inayowashangaza hata walimu. Zuhura hujizungusha mara moja kwa siku 243 za Dunia, na hulizunguka Jua kwa siku 225, hivyo mwaka wake ni mfupi kuliko mzunguko wake mmoja. Wengi hukimbilia kusema kwamba mchana na usiku wa huko kwa pamoja huchukua siku 243. Sivyo. Mtoto aanze na pini ikiitazama taa, kisha aizunguke taa akiwa ameielekezea bega la kushoto, ambao ni mwelekeo wa sayari zote, na huku akitembea alizungushe chungwa polepole upande wa kufunga, akihesabu kwa kutumia kuta za chumba: akimaliza nusu ya duara, chungwa nalo liwe limegeuka nusu. Akifika upande wa pili wa stuli, atakuta pini inaitazama taa tena. Adhuhuri imerudi na mwaka haujafika hata mwisho. Kwa hesabu kamili, kutoka adhuhuri moja hadi nyingine ni siku 117 hivi za Dunia, maana safari na mzunguko vinakwenda pande mbili tofauti na vinasaidiana kulirudisha Jua utosini.

Mrudishe mtoto mahali alipoanzia na umwambie afanye vilevile kwa upande wa kufungua. Atatembea duara zima na pini itabaki imeikodolea macho taa. Kama Zuhura ingejizungusha kama Dunia kwa mwendo wake huohuo wa pole, siku yake moja ingechukua zaidi ya miaka 8 ya Dunia. Mwelekeo peke yake, bila kubadilisha kasi hata kidogo, unatofautisha siku ya miezi minne na siku ya miaka minane. Mimi huwaacha watoto walirudie zoezi hili mara nyingi watakavyo.

Beseni: kwa nini nyingi zinafungua

Jaza beseni maji hadi nusu, nyunyiza pumba za mpunga juu yake, na koroga kwa mwiko upande wa kufungua mara kumi hivi. Toa mwiko. Pumba zote, za katikati na za pembeni, zitaendelea kuzunguka upande mmoja, na hakuna pumba itakayoonekana ikirudi nyuma. Sasa weka juu ya maji kijiti cha kiberiti, katikati ya kitovu cha beseni na ukingo wake, na watoto wakikodolee macho kichwa chake. Kijiti kitasafiri kuzunguka beseni, lakini pia kitajigeuza: kichwa kilichokuwa kikielekea dirishani kitaelekea mlangoni, kisha kitarudi dirishani. Kwa pamoja kinasafiri na kujizungusha, na vyote viwili ni upande wa kufungua. Kiweke mbali na ukingo, maana hapo ukuta wa beseni huyazuia maji na kijiti hugeuka ovyo.

Hivi ndivyo ilivyokuwa, kwa kiwango kisichopimika kwa mwiko, miaka bilioni 4.6 iliyopita. Wingu kubwa la gesi na vumbi lililokuwa na mzunguko kidogo lilijikunja kwa mvutano wake lenyewe, na lilivyozidi kusinyaa ndivyo lilivyozidi kuzunguka upesi, kama jiwe lililofungwa kwenye uzi linavyozidi kuzunguka haraka uzi unapojiviringisha kidoleni. Katikati pakawa Jua, na vumbi lililobaki likalala bapa kama sahani inayozunguka, ambamo vipande vilikutana, vikashikana na kuwa sayari. Sayari zilirithi mzunguko wa sahani hiyo. Ndiyo maana Mshtarii hujizungusha upande wa kufungua kwa chini ya saa 10, Mirihi kwa saa 24 na dakika 37, na Zebaki, ingawa huchukua siku 59, nayo hufungua.

Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mtoto mmoja hakosi kutaja maji ya beseni wanayoonyeshwa wageni kule Nanyuki, nchini Kenya, ambayo husemekana kuzunguka upande huu kaskazini mwa mstari na upande ule kusini mwake. Mwambie bila kuzunguka kwamba katika beseni dogo mwelekeo hutokana na mkono uliokoroga au uliomimina maji, na kwamba jambo hilo halihusiani na Zuhura. Akoroge upande wa pili ajionee.

Pia: yaliyotokea baada ya kuzaliwa

Zungusha pia kwenye sakafu ya saruji na, ikiwa bado ina kasi, iguse ubavuni kwa ncha ya kidole. Itatikisika kisha itasimama wima tena. Subiri ipungue mwendo, iguse kwa nguvu ileile, na italala. Pia hufundisha mambo mawili ambayo maneno hayafundishi vizuri: kwamba kinachozunguka kwa kasi hukataa kuinamishwa, na kwamba kikishachoka, hata kigusio kidogo kinaweza kuamua mwisho wake.

Sayari changa zilizaliwa katika msongamano wa magimba mengi, mengine yakiwa makubwa kama sayari zenyewe, na migongano mikubwa ya mwisho ndiyo iliyoacha alama kwenye mihimili yake. Dunia yetu nayo iligongwa; maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba Mwezi ulitokana na mabaki ya mgongano huo. Inamisha kijiti cha chungwa na watoto waone tofauti: Zebaki karibu wima kabisa, Mshtarii nyuzi 3, Dunia nyuzi 23.4, Mirihi 25, Zohali 27, Neptun 28, kisha ghafla Uranus nyuzi 98, yaani kijiti kimelala na kupita kidogo ulalo wa meza.

Uranus kwa hesabu hiyo nayo ni miongoni mwa zinazokwenda kinyume, ingawa ni sahihi zaidi kusema kwamba imelala ubavu. Inakwenda kwa kasi, mzunguko mmoja kwa saa 17 na robo, na kulaza pia yenye uzito na kasi ya namna hiyo kunahitaji pigo kubwa. Ndiyo maana wengi wanaamini kwamba iligongwa mapema na gimba lenye ukubwa wa Dunia au zaidi. Pete zake na miezi yake mikubwa huzunguka kwa kufuata ikweta yake iliyoinama, ishara kwamba tukio hilo lilitokea zamani sana, kabla familia hiyo haijatulia. Safari yake ya kulizunguka Jua ni miaka 84, na kila ncha hukaa miaka 42 hivi kwenye mwanga na miaka 42 gizani. Chombo cha angani cha Voyager 2 kilipopita hapo Januari 1986, ncha ya kusini ilikuwa imelielekea Jua.

Zuhura ni pia iliyochoka. Kwenye ikweta yake ardhi husogea kwa kilomita 6.5 kwa saa, kasi ya mtu anayetembea kwa haraka, ilhali sisi hapa Mwanza tunabebwa na Dunia kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa bila kuhisi. Mtu ambaye angekimbia kwenye ikweta hiyo kwa kilomita 13.5 hivi kwa saa bila kupumzika angeweza kuliweka Jua la Zuhura mahali pamoja angani. Sayari yenye mzunguko mdogo hivyo haihitaji kugongwa ili ibadili mwelekeo. Inatosha kusukumwa kwa uvumilivu, na Zuhura ina kitu cha kuisukuma: hewa yake.

Wavuvi wetu wanalijua jambo hili kwa sehemu yake. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko ziwa na upepo huja kutoka ziwani. Usiku mambo hugeuka na upepo hutoka nchi kavu kwenda majini. Joto la Jua husogeza hewa, na hewa ina uzito. Hewa ya Zuhura ina mgandamizo mara 92 ya huu wetu. Ili kuupata ndani ya maji ungelazimika kuzama mita 900 hivi, ilhali Ziwa Victoria, mahali palipo na kina kuliko pote, halifiki hata mita 90. Jua likiipasha hewa nzito namna hiyo, hewa hujilimbikiza upande mmoja zaidi ya mwingine, na mvuto wa Jua ukiushika mlimbiko huo huigeuza sayari kidogo kidogo. Wakati huohuo Jua huuvuta mwili wa sayari wenyewe na kuupunguzia mwendo, na nguvu hizo mbili hushindana kwa mamilioni ya miaka.

Mwaka 2001 wanasayansi Alexandre Correia na Jacques Laskar walichapisha mahesabu yanayoonyesha kwamba Zuhura iliyoanza kwa kufungua kama Dunia ingeweza kufika ilipo leo kwa njia mbili: ama mhimili wake ulipinduka, ama ulibaki ulivyo na mzunguko ukapungua hadi kusimama kisha ukaanza kurudi. Hapo ndipo swali la yule msichana linaporudi mezani. Shika chupa tena. Njia ya kwanza ni chupa iliyopinduliwa huku ikifunguliwa. Njia ya pili ni mkono uliogeuza nia. Mwisho wake ni mmoja, nayo mahesabu hayo hayakuhitaji jiwe lolote kuigonga Zuhura, ingawa mgongano wa zamani nao haujafutwa katika orodha. Waandikie watoto sababu zote ubaoni na useme wazi kwamba kesi ya Zuhura bado iko mezani kwa wataalamu. Nimeona kwamba mtoto akiambiwa hivyo huuliza zaidi.

Tulijuaje

Swali hili lisipoulizwa, liulize wewe. Kwa darubini ya kawaida ardhi ya Zuhura haionekani kwa sababu ya mawingu, na mawingu yenyewe yanadanganya, kwa kuwa yale ya juu huizunguka sayari nzima kwa siku 4 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wanasayansi walielekeza mawimbi ya rada kwenye sayari hiyo na kusikiliza mwangwi wake. Upande wa sayari unaokuja kwetu huubana mwangwi na upande unaoondoka huulegeza, kama mlio wa bodaboda unavyokuwa mwembamba ikija na mzito ikishapita. Ndivyo walivyotambua ni ukingo upi unakuja na upi unaondoka, na wakakuta ni kinyume cha walivyotarajia.

Jioni juu ya mwamba

Kama ni miezi ambayo Zuhura ni nyota ya jioni, wapelekeni watoto mahali panapotazama ghuba upande wa magharibi, Capri Point au mwamba wowote wa Kirumba, mkiwa na mtu mzima wa kuwaangalia karibu na maji. Kwetu Jua huzama karibu na saa moja jioni. Msitoe darubini ya mkono hadi Jua liwe limezama lote, maana kulitazama Jua kwa darubini huharibu macho papo hapo. Zuhura ndiyo itakayotangulia kuonekana juu ya vilima vya Sengerema, nyeupe na isiyometameta sana. Msiwaahidi watoto kwamba wataiona ikizunguka; waambieni watafute umbo lake, kwa sababu kuna majuma ambapo hata darubini ndogo huionyesha ikiwa hilali.

Subirini giza likomae na taa za wavuvi wa dagaa zianze kuwaka majini, kisha walazeni chali kwenye mwamba, ambao bado utakuwa na joto la mchana, miguu ikielekea kaskazini. Kwa nusu saa wachague nyota moja moja na kuifuata kwa kidole. Nyota hutoka kulia kwao, mashariki, zikapanda na kushuka kushoto: zinafungua. Wageuke sasa, miguu ielekee kusini. Nyota zilezile zitatoka kushoto na kushuka kulia: zinafunga. Mwulize kila mmoja ni kitu gani kimegeuka, na chupa iwe karibu kwa atakayetaka kuishika tena kabla ya kujibu.